Nilimnyima Baba Usukani

Baba yangu alikuwa dereva wa kanjo, yaani baraza la jiji la Nairobi. Aliendesha lori la taka, kisha lori la maji, kisha yale malori makubwa ya kumwaga kokoto barabarani, na alipostaafu akanunua pikapu kuukuu ya kubebea watu mizigo kutoka soko la Jericho. Sisi tulilelewa mtaa huo huo wa Jericho, katika nyumba ile ile ambayo kaka yangu anakaa mpaka leo. Kwa hiyo tangu utotoni nilimjua baba akiwa na funguo mfukoni, na siwezi kujitetea kwamba sikujua nilichokuwa namnyima.

Macho ndiyo yaliyoanza kumsumbua. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba upande wa kushoto ulikuwa umeshakwenda. Baba aliendelea kuendesha. Asubuhi moja, akirudi nyuma, aligonga nguzo ya geti la jirani. Hakuna aliyeumia, na nguzo yenyewe ilisimamishwa tena siku hiyo hiyo. Lakini kaka alinipigia simu Finland, ambako nilikuwa nimeajiriwa kutunza wazee, tukaongea kama dakika kumi, na simu ilipokatika tulikuwa tumeshaamua. Pikapu iliuzwa wiki iliyofuata. Baba hakuulizwa, aliambiwa tu. Kaka alinisimulia kwamba mzee alichukua kile kitambaa cha kufutia kioo, akakikunja mara mbili, akaingia nacho ndani.

Nadhani ni kwa sababu ya kitambaa hicho nilimtumia tiketi. Nilimwambia aje anitembelee miezi miwili, abadilishe hewa.

Alikuja mwezi wa pili. Kijiji nilichokuwa nakaa kiko mbali sana kaskazini. Ni nyumba za mbao zilizotawanyika kando ya ziwa, duka moja, na kanisa. Makao ya wazee nilikokuwa nafanya kazi yalikuwa ng'ambo ya pili ya ziwa. Kiangazi nilizunguka kwa basi karibu saa nzima. Majira ya baridi ziwa linaganda, barafu inakuwa nene kama ukuta, na watu wanapita juu yake kama barabara. Mimi nilikuwa nimenunua pikipiki ya magurudumu manne, ile yenye matairi mapana kama ya trakta, iliyofungwa minyororo ili isiteleze. Kwa mashine hiyo nilivuka ziwa kwa dakika kumi na tano.

Jumamosi ya kwanza nilimpakia baba nyuma yangu. Nilimvika nguo mpaka akashindwa kukunja mikono. Tulipotoka ufukweni na kuingia juu ya ziwa, alinishika kiuno kwa nguvu, kisha baada ya muda nikasikia mikono inalegea.

Katikati barafu ililia. Huwa inalia pakiwa na jua, sauti nzito inayotoka chini na kukimbia mbali, kama mtu amepiga mlango wa kontena. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilipoisikia nilitaka kushuka nikimbie. Baba alicheka kwa sauti.

"Inapumua!" alinipigia kelele sikioni. "Mama, ziwa linapumua!"

Aliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Na maziwa aliyajua. Alizaliwa magharibi mwa Kenya, kando ya maji, kabla ya kuja Nairobi kutafuta kazi.

Tulipofika ng'ambo alishuka, akaizunguka mashine, akagonga tairi kwa kiatu kama madereva wanavyofanya.

"Turudi, lakini sasa nishike mimi," alisema. "Kidogo tu."

"Baba, hii si lori la kanjo," nilimjibu nikicheka. "Panda nyuma twende."

Alipanda.

Jirani yangu alikuwa mzee wa makamo ya baba, mjane, mtu wa maneno machache hata kwa lugha yake. Alikuwa na mashine kama yangu, ya zamani zaidi. Kila siku alikwenda ziwani na kekee ndefu ya kutobolea barafu, akatoboa shimo dogo, akakaa juu ya kigoda na kuvua samaki. Siku ya nne baba alitoka nje, akasimama karibu naye. Siku ya tano yule mzee alibeba vigoda viwili. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Kimombo cha jirani kiliishia kwenye asante, na baba hakujua hata salamu ya lugha ya kule. Nilipotoka kazini niliwakuta wamekaa, kila mmoja na shimo lake, na samaki wadogo wameganda pembeni kama vijiti.

"Huyu mzee ni mtu mzuri," baba aliniambia. "Hana kelele."

Jumapili moja nilikwenda kukaa nao. Jua lilikuwa kali na theluji iliumiza macho. Nilikuwa nimekuja na mashine yangu, na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Baba alinyoosha mkono.

"Mama, nipe ufunguo. Nizunguke hapa hapa tu, mkiniona."

"Hapana, Baba."

"Barafu ni nene. Huyu mzee amenionyesha. Imefika hapa." Alipima kwa mkono, kutoka ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko.

"Si barafu. Ni macho yako."

Alitazama ziwa lote, lililokuwa tupu mpaka kwenye miti ya ng'ambo, kisha akatabasamu. "Hapa hakuna nguzo ya kugonga."

Alikuwa anatania. Alikuwa ananipa njia ya kukubali bila mmoja wetu kushindwa. Na mimi sijui ni nini kilichonipata. Labda ni uchovu wa kazi, maana wiki ile mgonjwa wangu mmoja alikuwa ameanguka bafuni wakati nimemgeuzia mgongo. Nilisimama, nikapaza sauti.

"Ukifa hapa nitawaambia nini watu wa nyumbani? Kwamba nilikuleta nikuue? Huwezi kuendesha tena, Baba! Umemaliza. Kubali!"

Neno hilo, umemaliza, nililisema kwa Kiswahili safi, mbele ya mgeni ambaye hakuelewa Kiswahili lakini alielewa sauti. Jirani aliinua macho, akanitazama, kisha akarudi kutazama shimo lake.

"Sawa, Mama," baba alisema. Alishika tena uzi wake wa kuvulia.

Nilitia ufunguo mfukoni na kufunga zipu. Nakumbuka ile zipu kwa sababu nilijiona nimefanya kazi nzuri, kazi ya mtoto anayejali mzazi.

Hakuuliza tena. Wiki zilizobaki niliporudi jioni nilimkuta amekaa jikoni karibu na dirisha, chai imeshachemka, anasikiliza redio asiyoielewa. Nilimuuliza ameshindaje, akasema ametembea kidogo. Niliona mashavu yake yameungua kwa jua na upepo, kuliko mtu aliyetembea kidogo. Mara moja koti lake lilinuka petroli. Nilidhani ni lile koti lenyewe, koti la kazi la miaka mingi, na nikalitundika barazani lipigwe na hewa.

Mwezi wa nne, barafu ikianza kuwa laini, alirudi nyumbani.

Mwezi wa nane nilipata likizo nikaja Nairobi. Jericho ilikuwa vile vile. Baba alikuwa ameimarika, na kaka aliniambia kwamba siku hizi ana jina jipya, watu wanamwita Mzee wa Barafu. Kila alasiri alikaa na wenzake karibu na maduka ya sokoni, wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Rafiki yake mkubwa alikuwa mzee wa Kiislamu, asili yake Mombasa, aliyestaafu kazi ya reli. Sisi tuliokua mbele yake tulimwita Ami. Yeye ndiye aliyetufundisha kuamkia shikamoo, na ukimpita bila kumwamkia alikuita urudi.

Niliamua kuwapelekea wazee soda. Nilipofika walikuwa wamemzunguka baba, kama sita hivi, na drafti imesimama. Alikuwa amenyoosha mikono mbele, kashika usukani usiokuwepo.

"Nikaingia mpaka katikati," alikuwa anasema. "Peke yangu. Nikazima injini. Kimya. Kimya nyinyi hamjawahi sikia. Mimi nimekaa juu ya maji kama nimekaa juu ya meza. Halafu..."

"Ai, Baba!" nilisema, nikiweka mfuko wa soda chini. "Nani alizima injini? Wewe ulikuwa umekaa nyuma, umenishika kiuno kama mtoto!"

Wazee waliangua kicheko. Mmoja alimpiga baba begani. "Kumbe siku zote hizi unatupanga kwa uongo, Mzee wa Barafu! Bibi kizee wa nyuma!"

Na mimi nilicheka. Hapa ndipo huwa nasimama ninapokumbuka, kwa sababu nilicheka kwa furaha kabisa. Nilikuwa nimefika nyumbani, jua lilikuwa zuri, nilikuwa nawapa wazee soda, na nilidhani natania na baba yangu.

Ami peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama baba.

Baba alishusha mikono polepole. Alitabasamu, akitazama ubao wa drafti. "Ni kweli," alisema. "Uzee huu. Nachanganya vitu." Kisha akauliza, "Ilikuwa zamu ya nani?"

Niligawa soda, nikasalimia kila mtu, nikaenda zangu. Jioni hiyo hakunitajia jambo hilo, wala siku nyingine yoyote. Nilikaa wiki mbili. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye teksi, akamwambia dereva gurudumu la nyuma limepungua upepo, ajaze kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua za masika. Alipata kiharusi asubuhi, akakaa hospitalini siku mbili. Mimi nilifika siku ya tatu. Tulimpeleka magharibi, tukamzika kando ya kaburi la mama yetu.

Niliporudi kijijini Finland ilikuwa mwezi wa sita. Ziwa lilikuwa maji, la buluu, na mashua chache zimefungwa ufukweni. Jirani alibisha mlango. Alikuwa ameleta samaki waliokaushwa kwa moshi, amewafunga kwa gazeti. Watu wa kule hawajui kukaa matanga, lakini alivua kofia, akanipa mkono, akakubali kuingia. Nilimpa kahawa. Kufikia wakati huo lugha yao nilikuwa naimudu vizuri.

"Babako alikuwa dereva mzuri," alisema.

"Ndiyo. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote."

"Sisemi kazi. Nasema hapa." Alielekeza kidole dirishani, kwenye maji.

Nilimwambia hapana, anakosea, mimi ndiye niliyemwendesha. Hakubishana. Alitoa simu yake, akatafuta kwa muda mrefu kwa kidole kimoja, akaniwekea mezani.

Ilikuwa video fupi, haifiki dakika. Ziwa jeupe, jua, na mbali kidogo mashine ya zamani ya jirani inakuja. Aliyeiendesha alikuwa amevaa kofia ya manyoya iliyomfunika masikio na koti ninalolijua. Alikuja moja kwa moja, akapunguza mwendo, akakata kona pana, safi, bila kuteleza, akasimama mbele ya simu. Ni baba. Mashavu yalikuwa yanang'aa kwa baridi. Hakuwa anacheka wala kujionyesha. Alikuwa na ule uso wa kazini, uso aliokuwa nao tukiwa watoto akipita mtaani na lori la maji huku sisi tunampungia mkono.

Nilimuuliza jirani ilikuwa lini.

"Baada ya siku ile ulipomgombeza. Kesho yake ulipokwenda kazini. Halafu siku nyingi. Labda mara kumi."

"Hakuwa anaona upande wa kushoto."

"Najua. Nilimwona anageuza kichwa chote. Siku ya kwanza nilitembea mbele yake, nikipima barafu. Baadaye nilichomeka matawi ya msonobari njia nzima, upande wa kulia, ayafuate."

Yale matawi niliyaona. Kila siku nilipita kando yake nikienda kazini, yamesimama kwa mstari juu ya theluji, na nilidhani ni alama za wavuvi. Mimi nilisomea uuguzi. Ugonjwa wa macho ya baba niliujua kwa jina, dawa na hatua zake, na nilichofanya nao ni kufunga zipu. Yule mzee hakujua jina la ugonjwa wala lugha ya mgonjwa, lakini alikwenda msituni akakata matawi.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

Aliweka kidole chake kinene kwenye midomo. Baba ndiye aliyemwonyesha hivyo, alisema, akielekeza nyumba yangu.

Sasa nilielewa ni kwa nini pale Jericho hakujitetea. Angesema neno moja tu, ningeanza maswali, na ningerudi huku kugombana na rafiki yake. Alichagua kuitwa mwongo.

Jirani alirudisha video mwanzo. "Mwishoni anasema kitu," alisema. "Nimekitazama mara nyingi. Nilitaka kukuuliza anasema nini, nikaona aibu."

Nilikuwa sijasikiliza, nilikuwa natazama tu. Tuliongeza sauti. Injini ilikuwa inanguruma, na baba, akiinamia simu, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayezungumza na fundi: "Mzee, hii breki ya kulia inavuta. Ipelekwe iangaliwe."

Nilitafsiri. Jirani alikuna kidevu. Alisema mwaka jana mashine ilimzungusha vibaya karibu na daraja, ikabidi aipeleke mjini. Fundi alikuta ni breki ya kulia.

Tulicheka wote wawili, kisha mimi nikalia, na yeye akakaa pale pale akinywa kahawa yake mpaka nilipomaliza.

Alinitumia ile video. Nilikaa nayo miezi mingi bila kumwonyesha mtu, hata kaka. Likizo iliyofuata nilipofika Nairobi, nilikwenda kwanza sokoni Jericho. Ule ubao wa drafti ulikuwa na watu wengine, wawili tu ndio wa zamani. Niliwaonyesha. Walishangaa, wakaita wenzao, wakasema "kumbe!" na "mzee alikuwa moto!", na mmoja akaomba nimtumie. Yule aliyemwita baba bibi kizee wa nyuma hakuwepo, alikuwa amerudi kwao mashambani.

Ami alikuwa amehamia mtaa wa Fedha kwa binti yake. Nilimfuata huko. Nilimkuta amekaa kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, amekonda, kanzu imekuwa kubwa.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, binti yangu. Pole. Karibu kitako."

Nilimshikia simu karibu na uso. Alitazama mara moja, akaomba tena. Alipomaliza hakushangaa kama wale wengine.

"Ami, ulijua?"

"Mimi nilimuamini tangu mwanzo. Mtu anayetunga uongo hujitia ushujaa. Yeye alikuwa anatusimulia breki."

"Baada ya siku ile... aliwahi kusimulia tena?"

"La. Tulimuomba. Mimi mwenyewe nilimuomba, tukiwa wawili tu. Akaniambia, muulize msichana wangu, yeye ndiye ajuaye."

Hakulisema kwa kunilaumu. Binti yake alituletea chai ya viungo na mahamri, akauliza habari za Finland, baridi yake na mishahara yake, nikajibu ninavyojibu siku zote. Alipoingia ndani nilimuomba Ami anisimulie kile kisa, vile baba alivyokuwa akikisimulia, kwa sababu mimi sikuwahi kukisikia.

Ami alisema siku za mwanzo baba aliwasimulia habari za samaki, na za yule mzee mwenzake, na za mashine yake na breki inayovuta, na za barafu inayolia. Habari ya kwenda katikati peke yake aliiweka kwa muda mrefu. Siku ile ndiyo alikuwa ameianza. Alifika pale alipozima injini.

"Kisha?" nilimuuliza.

"Kisha ukaja wewe, mwanangu."

Nilimaliza chai yangu. Nilimuaga, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniombea dua ya safari. Niliposhuka ngazi nilimpigia simu jirani yangu huko kaskazini, nikamuuliza kama anajua baba alifanya nini siku alipokwenda katikati ya ziwa akazima mashine. Alisema aliisikia injini ikizimika, akaogopa, akasimama kwenye kigoda amwone vizuri. Aliona doa jeusi dogo, halisogei. Lilikaa pale muda mrefu, kama nusu saa. Halafu injini ikawaka, na baba akarudi taratibu akiyafuata matawi, akashuka, akampa ufunguo.

"Hukumuuliza?"

"Ningemuuliza kwa lugha gani?" alisema.